Dawa za Mitishamba kwa Njia ya Pua: Fahamu Hatua Iliyofikiwa katika Tiba ya Ubongo

Mzee anapoanza kutetemeka mkono akiwa ametulia, au kusahau njia ya shamba alilolilima miaka mingi, mara nyingi husemwa kuwa ni uzee tu, au amerogwa. Kwa familia za Nakwa, katika Halmashauri ya Mji wa Babati, kama ilivyo kwingineko nchini, dhana hiyo inaweza kuchelewesha matibabu. Utafiti uliofanyika mwaka 2010 wilayani Hai, katika mkoa jirani wa Kilimanjaro, ulionesha kuwa takribani asilimia 6.4 ya watu wenye umri wa miaka 70 na kuendelea walikuwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu.

Magonjwa ya aina hii hutokea seli za ubongo zinapokufa taratibu. Kuyatibu ni vigumu kwa kuwa kuta za mishipa midogo ya damu ya ubongo huzuia dawa nyingi kupenya. Ndiyo sababu wanasayansi wanaichunguza pua. Sehemu yake ya juu ina neva za kunusa zinazopita katika vitundu vya mfupa wa fuvu hadi kwenye ubongo, hivyo dawa ikifika hapo huweza kukikwepa kizuizi hicho.

Miongoni mwa mimea inayochunguzwa ni manjano. Kiini chake, kurkumini, huvunjwa haraka mwilini kikimezwa, hivyo watafiti wamekifunga ndani ya chembe ndogo mno na kukipitisha puani kwa panya wa maabara. Mmea mwingine ni upupu, ambao mbegu zake zina levodopa, kemikali iliyomo pia katika vidonge vya hospitali vya ugonjwa wa Parkinson.

Hata hivyo, hakuna dawa ya mitishamba ya puani iliyothibitishwa kutibu magonjwa haya kwa binadamu. Mazoea ya kunusa ugoro au kujifukiza hayathibitishi usalama wake. Unga uliotwangwa nyumbani hauna kipimo, na unaweza kubeba vijidudu, kujeruhi pua au kuingia mapafuni. Levodopa ikizidi huleta kutapika, kushuka kwa shinikizo la damu na kuona vitu visivyokuwepo.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002 ilianzisha Baraza linalosajili waganga wa tiba asili. Familia inashauriwa kuhakikisha kuwa mganga amesajiliwa, kumweleza daktari mitishamba yote anayotumia mgonjwa, na kutosimamisha vidonge bila ushauri wa daktari.

Zaidi ya yote, mzee afikishwe mapema katika kituo cha afya. Usahaulifu mwingine husababishwa na upungufu wa vitamini B12, sonona au matatizo ya tezi ya shingo, na hali hizo zinatibika.