Kipande cha halua baada ya kukatwa tumbo

Kila Ramadhani inapokaribia maswali ya wasomaji huongezeka, na huongezeka tena kuelekea Krismasi. Aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito anauliza kama kaimati mbili zitamdhuru. Mwingine anataka kujua kama kipande cha keki ya harusi kitamrudishia kilo zote alizopoteza. Na hakosekani wa kusimulia kisa hiki: alikunywa glasi ya juisi ya miwa, dakika chache baadaye jasho likamtiririka, moyo ukamwenda mbio, tumbo likasokota, ikabidi ajilaze. Waliokuwepo wakasema ni husuda. Muuza dawa wa mtaani akasema ni sumu inatoka mwilini, akamuuzia chupa ya kuisafisha.

Husuda haihusiki hapo, na hakuna sumu iliyotoka. Madaktari wanaijua hali hiyo tangu enzi ambazo tumbo lilipasuliwa kwa sababu ya vidonda, kabla mtu yeyote hajafikiria kulipasua kwa sababu ya unene. Mwaka 1913 daktari wa Uingereza, Arthur Hertz, alieleza habari za wagonjwa ambao chakula kilikuwa kikitoka tumboni upesi mno baada ya upasuaji. Mwaka 1922 Charles Mix wa Marekani aliipa hali hiyo jina ambalo kliniki zinalitumia hadi leo, dampingi. Karne nzima imepita, na bado wagonjwa wanatoka hospitali wakiwa na karatasi ya vyakula vya kula na vya kuacha, bila mtu kuwaeleza kinachotokea ndani yao wakinywa kitu kitamu. Hapo ndipo wauza chupa wanapopata nafasi.

Kabla ya yote, jua ulifanyiwa nini, maana watu huchanganya. Puto, ambalo hapa Tanzania limepata umaarufu kupitia hospitali ya Mloganzila, halikati chochote. Huingizwa kwa mdomo kwa kifaa chenye kamera, hujazwa maji, hukaa tumboni kwa miezi kadhaa, kisha hutolewa. Slivu ni upasuaji kamili: karibu robo tatu ya tumbo au zaidi huondolewa, linabaki bomba jembamba. Baipasi, ambayo Edward Mason na Chikao Ito waliianzisha katika Chuo Kikuu cha Iowa mwaka 1966, huacha kifuko kidogo cha kama mililita 30 sehemu ya juu ya tumbo. Kifuko hicho huunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, hivyo chakula huruka tumbo lililobaki pamoja na sehemu ya kwanza ya utumbo. Dampingi huwapata zaidi waliofanyiwa baipasi. Wa slivu nao huipata, kwa kiasi kidogo. Mwenye puto kwa kawaida haipati, kwa sababu tumbo lake halijakatwa na mlango wa chini wa tumbo haujaguswa.

Mlango huo ndio kiini cha habari yote, kwa hiyo naomba nisiupite haraka. Tumbo linapokutana na utumbo kuna msuli wa mviringo uitwao pailorasi. Huyu ni bawabu: chakula kilichosagika hukipitisha kidogo kidogo, na utumbo humpelekea ujumbe kwa njia ya neva na homoni kwamba kilichofika kina sukari au mafuta mengi, apunguze mwendo. Kwa mtu asiyepasuliwa, tumbo hupitisha takriban kalori 2 kwa dakika. Chukua soda moja ya mililita 350. Ina sukari kama gramu 37, yaani vijiko vya chai 9, sawa na kalori 150 hivi. Kwa mwendo wa bawabu, tumbo litatumia zaidi ya saa nzima kuikabidhi soda hiyo kwa utumbo. Aliyefanyiwa baipasi hana bawabu njiani. Soda ileile hupita kwenye kifuko na kumwagikia utumboni ndani ya dakika chache.

Kinachofuata ni hiki. Kinywaji chenye sukari nyingi ni kizito kuliko damu, kwa hiyo maji hutoka kwenye mishipa ya damu na kuingia utumboni kukizimua. Utumbo hutanuka na kuunguruma. Homoni zake hutoka kwa wingi, na mishipa inayouzunguka hupanuka. Damu inayobaki kuzunguka sehemu nyingine za mwili hupungua, moyo hulazimika kwenda mbio kufidia. Hapo ndipo jasho linapotoka, tumbo linaposokota, mtu anapoharisha na kutaka kulala pale alipo. Kwa kawaida huanza dakika 10 hadi 30 baada ya kula au kunywa, na hutulia yenyewe. Hii huitwa dampingi ya mapema. Inatisha, lakini si ile ninayoiogopea wasomaji wangu.

Ya kuchelewa ndiyo ya kuangaliwa kwa makini, na kila ninapoisoma hunishangaza upya, kwa sababu inatokana na jambo lilelile linalofanya upasuaji huu uwasaidie sana wagonjwa wa kisukari. Sukari ikifika kwa kasi sehemu za chini za utumbo mwembamba, seli za huko humwaga homoni ya GLP-1 mara kadhaa kuliko kawaida. Ndiyo homoni ambayo sindano za Ozempic huiiga. Homoni hiyo hutuliza njaa, na hulihimiza kongosho kutoa insulini. Kwa mwenye kisukari hiyo ni neema, na baadhi huruhusiwa kupunguza dawa zao siku chache tu baada ya upasuaji, kabla hata uzito haujapungua vya kutosha. Lakini sukari iliyoingia kwa mkupuo huisha kwa mkupuo, na insulini iliyotolewa kwa ajili yake inabaki ndani ya damu ikiendelea na kazi. Kati ya saa 1 na saa 3 baadaye, sukari ya damu hushuka, wakati mwingine chini ya milimoli 3 kwa lita. Mikono hutetemeka, macho huona ukungu, njaa kali hubana, maneno huchanganyika. Wapo wanaozimia.

Tena tatizo hili mara nyingi huanza mwaka mmoja au zaidi baada ya upasuaji, wakati mtu ameshazoea mwili wake mpya na ameacha kwenda kliniki. Hahusishi kutetemeka kwa saa kumi alasiri na sharubati aliyokunywa saa nane. Anachojua ni kwamba ana njaa ya ajabu, na mkono unakwenda kwenye soda. Soda inampa nafuu ya haraka, insulini inapanda tena, na baada ya saa 2 anatetemeka upya. Ndivyo mtu mwenye tumbo la mililita 30 anavyoweza kula mchana kutwa na uzito ukaanza kurudi, huku ndugu wakimlaumu kwamba ni mlafi. Lawama hiyo naikataa kabisa. Mwili wake unadai chakula kwa sababu sukari yake imeshuka kweli.

Sasa nije kwenye maneno ninayoyasikia kila siku. La kwanza, kwamba asali, sukari guru na juisi ya miwa ni sukari ya asili na hazina neno. Utumbo hauulizi sukari imetoka kiwandani au mzingani. Asali ni sukari kwa takriban asilimia 80 ya uzito wake, na juisi ya miwa ni maji ya sukari yanayofika upesi kama soda. Tende nayo ina sukari nyingi, karibu theluthi mbili ya uzito wake. Ila tende hutafunwa na ina nyuzinyuzi, hivyo moja ikiliwa taratibu huingia polepole kuliko glasi ya juisi yake.

La pili, kwamba dampingi ni nzuri kwa kuwa humtia mtu adabu aache vitamu. Hili nimelisikia hata kwa watu waliosoma. Tafiti zilizowalinganisha wagonjwa waliopata dampingi na wasioipata hazikuonyesha kwamba wa kwanza walipungua zaidi. Kumwacha mtu ateseke kwa matumaini kwamba mateso yatamfundisha si tiba.

La tatu, kwamba kipande kimoja cha keki kitalitanua tumbo lirudi lilivyokuwa. Hapana. Kinachorudisha kilo huwa hakina makelele: aisikirimu, biskuti zilizochovywa kwenye chai ya maziwa, krispsi, uji wenye sukari, juisi za pakiti. Nyama au dengu hukaa kifukoni na kukufanya ushibe. Hivi laini huteleza na kupita, nafasi inakuwa wazi tena, na mtu anaweza kula hadi usiku bila kuhisi kushiba. Kuongezeka kidogo ni jambo la kawaida na si aibu. Katika utafiti mkubwa wa Uswidi ulioanza mwaka 1987, waliofanyiwa baipasi walipoteza hadi asilimia 32 ya uzito katika miaka 2 ya mwanzo, na baada ya miaka 10 walikuwa bado chini kwa asilimia 25.

Halua basi. Ni sukari, wanga na samli, hakuna wa kubisha. Lakini tazama inavyoliwa Pwani pale inapoliwa kwa adabu yake: kisahani kimoja katikati ya watu, kila mmoja anamega kwa ncha za vidole, anatafuna, anapokea kikombe kidogo cha kahawa chungu, mazungumzo yanaendelea. Tonge mbili za namna hiyo, baada ya mlo wenye samaki, kwa mtu aliyepona vizuri, sina tatizo nazo. Naogopa zaidi jagi la sharubati lililoko mwisho wa jamvi lilelile, kwa sababu mtu hunywa bilauri mbili bila kuhesabu kwamba amekula kitu.

Ushauri wenyewe ni mfupi. Miezi ya mwanzo fuata kliniki yako, vitamu visubiri. Baadaye, anza na protini kila mlo, samaki, mayai, kuku, maharage au maziwa ya mgando yasiyo na sukari. Wengi huelekezwa wafikishe gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Kitamu kije mwisho, kidogo, kiwe cha kutafuna. Usinywe maji pamoja na chakula, subiri kama nusu saa. Vidonge vya vitamini, chuma na kalsiamu ni vya maisha yote. Anayetaka kufunga amuone daktari wake kabla mwezi haujaandama. Akiruhusiwa, afuturu kwa tende moja na maji ya kunywa taratibu, uji mtamu auache. Pombe hupanda kichwani haraka na kwa nguvu zaidi baada ya baipasi, na utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha matatizo ya ulevi yakiongezeka katika mwaka wa pili baada ya upasuaji.

Ukianza kutetemeka na una kipimo cha sukari nyumbani, jipime. Ikiwa imeshuka, vijiko vya chai 3 vya sukari kwenye maji kidogo vinatosha, kisha ule kitu chenye protini ili isishuke tena. Usiendeshe gari wala bodaboda hadi utulie. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe chochote mdomoni, apelekwe hospitali. Hali ikijirudia, zipo dawa, mojawapo akabosi, ambayo huchelewesha wanga kugeuka sukari utumboni. Huandikwa na daktari.

Na wale wanaouza kwenye simu "chai ya kuondoa sumu" kwa watu waliotoka kupasuliwa wanafanya jambo la hatari. Nyingi ya chai hizo zina sanamaki, ambayo kazi yake ni kuharisha. Mtu ambaye tayari anashindwa kunywa maji ya kutosha kwa sababu ya udogo wa tumbo lake, ukimwongezea kuharisha unamkausha maji na kumpunguzia potasiamu, madini ambayo moyo unayahitaji ili udunde sawasawa. Wanajua wanamuuzia nani. Ukiuziwa, itupe, na umwambie daktari kama uliwahi kuinywa.

Limebaki moja linalowahusu kina mama, na halisemwi vya kutosha. Wanawake wengi hushika mimba kwa urahisi zaidi baada ya kupungua, ingawa ushauri ni kusubiri mwaka 1 hadi mwaka 1 na nusu. Kliniki ya wajawazito, kati ya wiki ya 24 na 28, inaweza kukupa glukosi unywe ili kupima kisukari cha mimba. Kwa aliyefanyiwa baipasi, kikombe hicho kinaweza kuleta dampingi kali papo hapo kwenye benchi. Mwambie muuguzi mapema kwamba ulipasuliwa tumbo. Kipimo kingine kipo: unapewa kifaa cha kutoboa kidole, unajipima nyumbani kabla na baada ya milo kwa muda wa wiki moja, na unarudi na namba zako zimeandikwa.