Meno nayo hurejea ngamani

Siku binti yangu alipotolewa waya za meno, hakukimbilia kioo. Alipitisha ulimi juu ya meno yake ya mbele, polepole, kushoto kwenda kulia, kisha akarudia. "Mama, yanateleza," aliniambia. Kwa miezi 22 ulimi wake ulikuwa umezoea vyuma, na sasa ulikutana na meno matupu. Nilimpiga picha, nikaituma kwenye kundi la familia, na jioni ile tukanunua mahindi ya kuchoma aliyokuwa amekatazwa muda wote huo.

Kabla hatujaondoka kliniki tulikabidhiwa kikasha cha plastiki. Ndani yake mlikuwa na vifaa viwili angavu, vyembamba kama ukucha, vilivyochukua umbo kamili la meno yake ya juu na ya chini. "Hizi ni riteina, atakuwa anavaa," tuliambiwa, na mgonjwa aliyefuata akaitwa. Sikuuliza atavaa hadi lini. Kwangu mimi safari ilikuwa imekwisha, chombo kimetia nanga.

Wahenga wa pwani walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Utakwenda nyuma ya chombo, utakwenda mbele yake, mwisho utarudi pale tumboni mwake. Nilikuwa nimeisikia methali hiyo tangu utotoni. Sikujua kwamba hata meno yana ngama yao.

Tishu kando ya sahani

Mwezi wa pili tulialikwa arusi ya ndugu. Pilau ilipoletwa, binti alivua riteina kama alivyofundishwa, kwa kuwa mtu hali akiwa nazo, akazifunga kwenye tishu na kuziweka kando ya sahani. Kikasha tulikuwa tumekiacha nyumbani. Wahudumu walipopita kukusanya vyombo, tishu ile ilikwenda na nyingine zote. Tulipokumbuka, tulikuwa tumeshafika kwenye gari. Tulirudi, tukafungua mifuko mitatu ya taka nyuma ya ukumbi kwa mwanga wa simu: mifupa ya kuku, maganda ya ndizi, na mamia ya tishu nyeupe zinazofanana. Hatukuzipata.

Kosa lililofuata ni langu. Shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu, naye anasoma bweni. "Mwanangu, vumilia hadi likizo," nilimwambia, "tutatengeneza nyingine." Likizo ilikuwa wiki 10 mbele. Aliporudi nyumbani, jino moja la chini mbele lilikuwa limegeuza bega na kuanza kumpanda mwenzake.

Daktari tuliyekwenda kumwona safari hii, mama wa makamo asiye na haraka, aliitikia shikamoo ya binti, akamtazama mdomoni kwa muda, kisha akanigeukia. "Mama, riteina haivuti jino. Inalishikilia lilipo. Nikitengeneza nyingine leo, nitalishikilia hapohapo lilipofika." Kulirudisha lilikokuwa kungetaka matibabu mengine ya kulisogeza, na gharama nyingine. Nikamuuliza swali nililopaswa kuuliza miezi ile ya nyuma: hadi lini? Akajibu bila kusita: "Kwa muda wote anaotaka meno yake yakae hivi."

Kwa nini jino hukumbuka kwao

Jino halikukaa kwenye taya kama msumari ukutani. Limeshikwa ndani ya tundu lake na nyuzinyuzi nyingi ndogo, zinazoliunganisha na mfupa na fizi. Waya zinapolisukuma, mfupa wa upande linakoelekea huyeyushwa na mwili taratibu, na upande linakotoka hujengwa mfupa mpya. Ndivyo jino linavyosafiri, takriban milimita 1 kwa mwezi.

Waya zinapotolewa, mfupa huo bado mchanga na nyuzi zile bado zimevutwa kama mpira. Mtafiti Kaare Reitan wa Norway alionyesha, katikati ya karne iliyopita, kwamba nyuzi za ndani ya tundu hujipanga upya katika miezi michache, lakini zile za kwenye fizi huchukua muda mrefu zaidi, hata kukaribia mwaka. Tunasema samaki mkunje angali mbichi, na kwa kawaida huwa tunawasema watoto. Meno yaliyotoka kwenye waya ni samaki mbichi vilevile, na wa kuyakunja ni wengi: ulimi unaoyasukuma kila mtu amezapo, midomo, mashavu, na nyuzi zenyewe zinazodai kurudi zilikozoea.

Kipindi hicho kikipita, hatari hupungua lakini haiishi. Katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, Marekani, Robert Little na wenzake waliwafuatilia watu waliong'olewa meno ili kupata nafasi, wakapangwa meno, kisha wakaacha riteina. Mwaka 1981 walitoa matokeo ya wagonjwa 65: miaka 10 baadaye, kwa theluthi mbili yao, meno ya chini ya mbele hayakuwa tena katika mpangilio wa kuridhisha. Mwaka 1988 walieleza hali ya wagonjwa 31 baada ya miaka kufika 20. Waliobaki na mpangilio mzuri walikuwa kama mmoja kati ya kumi.

Hata mtu ambaye hajawahi kufungwa waya, taya lake la chini hupungua nafasi kadiri umri unavyokwenda, na meno ya mbele huanza kubanana. Wengi huyalaumu magego ya mwisho, na wapo wanaotaka yang'olewe ili mengine yasisukumwe. Tafiti hazijathibitisha kwamba magego hayo ndiyo chanzo. Uso wa binadamu hubadilika maisha yote, na meno hubadilika nao.

Riteina za aina tatu

Ya kwanza ni ile ya plastiki angavu, kama aliyopewa binti yangu. Bamba la plastiki hupashwa moto likalainika, kisha hufyonzwa juu ya nakala ya meno hadi lishike kila pembe. Haionekani kirahisi, lakini huchakaa, na baada ya mwaka mmoja au michache huhitaji kubadilishwa.

Ya pili madaktari huiita Hawley, kwa jina la Charles Hawley, Mmarekani aliyeieleza zaidi ya miaka 100 iliyopita. Ina kibao cha plastiki ngumu kinacholala juu ya kaakaa, na waya unaopita mbele ya meno. Huonekana ukicheka, lakini hudumu kwa miaka, na daktari anaweza kuurekebisha waya wake.

Ya tatu ni waya mwembamba unaogundishwa nyuma ya meno ya mbele, mara nyingi kutoka chonge hadi chonge. Huu hauvuliwi, kwa hiyo hausahauliki kwenye tishu. Lakini gundi inaweza kubanduka kwenye jino moja bila mwenyewe kujua, na jino hilo likaondoka peke yake. Ugaga nao hupenda kujificha hapo. Mwenye waya wa aina hii hupitisha uzi wa kusafishia meno chini yake kila siku, na kumwona daktari angalau mara moja kwa mwaka.

Mwanya unahitaji neno la peke yake. Kwetu pwani mwanya ni pambo, umesifiwa na washairi na waimbaji vizazi na vizazi, na mzazi asikubali uzibwe kabla mwenye mdomo hajaulizwa kama anautaka. Akiamua uzibwe, ajue kuwa mwanya ni kati ya vitu vinavyorudi upesi kuliko vyote. Ndiyo maana madaktari wengi hugundisha waya nyuma ya meno yale mawili.

Maji ya baridi, sabuni, kikasha

Tulipopata riteina mpya, mama yangu mzazi alitaka kuzichemsha, kama alivyochemsha chupa za wajukuu zake. Nilimwahi na sufuria mkononi. Kilichoumbwa kwa moto huumbuliwa kwa moto: maji ya moto huipinda plastiki, nayo haitakaa tena kwenye meno. Gari lililoegeshwa juani hufanya kazi hiyohiyo.

Usafi wenyewe ni rahisi. Ukiivua tu, isuuze kwa maji ya baridi kabla mate hayajakauka juu yake. Mara moja kwa siku isugue kwa mswaki laini wa peke yake na sabuni kidogo isiyo kali. Dawa ya meno ina chembe zinazoikwaruza plastiki angavu, na bakteria hupata makazi kwenye mikwaruzo. Dawa ya kung'arishia nguo usiiguse kabisa. Ukiona utando mweupe mgumu, huo ni ugaga. Vidonge vya kusafishia meno bandia, kwa maelekezo ya pakiti, husaidia kuulainisha.

Ukiwa umeivaa, kunywa maji tu. Chai ya maziwa yenye sukari, soda au juisi ikiingia chini ya riteina hufungiwa humo pamoja na jino, mate yasifike kuisafisha, na meno yaliyopangwa kwa miaka miwili yakaanza kuoza. Mwezi wa Ramadhani mtu anayeivaa usiku apige mswaki baada ya daku kabla ya kuirudisha, maana tende hunata.

Siku za mwanzo mate huwa mengi na ulimi hujikwaa. Binti yangu "sasa" ilimtoka kama "shasha", akaona haya kuzungumza na wageni. Daktari alimwambia asome gazeti kwa sauti kila jioni. Siku ya nne ulimi ulikuwa umeshapata njia.

Saa za kuvaa hutofautiana. Wapo madaktari wanaotaka mchana na usiku kwa miezi ya mwanzo, wapo wanaoanza na usiku peke yake. Mfuate wako. Ukiruka usiku mmoja ukaiona inabana, ni habari kwamba meno yameanza kusogea; ivae. Ikigoma kuingia, usiilazimishe. Nenda kliniki wiki hiyohiyo, usingoje likizo.

Kabla ya kulipa

Wazazi wengi hulipia waya kwa awamu, wakijinyima mengi. Naomba yeyote anayejiandaa kulipa awamu ya kwanza aulize maswali matatu siku hiyohiyo: mwanangu atapewa riteina ya aina gani, je, imo ndani ya bei, na ikipotea nitalipa kiasi gani? Nasi tukihesabu fedha za waya, tuweke pembeni za riteina ya pili, maana itakuja siku ya kuihitaji. Daktari naye akae na mtoto dakika kumi, amweleze yeye mwenyewe, kwa kuwa mzazi hatakuwepo bwenini.

Binti yangu alirudi shuleni na vikasha viwili vyenye jina lake, barua ya daktari kwa matroni, mswaki wa ziada na kikombe chenye mfuniko. Riteina ina mahali pawili tu: mdomoni au kwenye kikasha. Hailali dirishani, mfukoni wala chini ya mto.

Lile jino la chini bado limegeuza bega. Alisema hataki waya tena, nami nikamkubalia. Daktari akalishikilia hapo lilipo. Kila nikimwona anacheka, jicho langu huanzia kwenye jino lile, nikakumbuka neno langu la "vumilia hadi likizo."

Likizo zikifika hulala chumba cha pili. Usiku nasikia bomba, mswaki, kimya kidogo, kisha mlio mdogo wa plastiki ikikaa mahali pake: tak. Ndipo nami huzima taa.