Mjakaranda au Mkrismasi? Tuutazame Mche Kabla ya Kuununua

Mjakaranda uliochanua hauhitaji mtambulishaji. Maua yake ya zambarau huonekana toka mbali. Lakini mche hauuzwi ukiwa na maua. Penye vitalu, mjakaranda wa shubiri mbili na mkrismasi wa kimo hicho hufanana mno, kwa kuwa yote miwili ina vijani vidogo vidogo vilivyopangwa mfano wa unyoya. Mnunuzi mwenye haraka huupanda ubavuni mwa nyumba, na miaka ikipita huona sakafu ya baraza ikiinuliwa, maana mizizi ya mkrismasi hutambaa juu juu na ina nguvu nyingi.

Tumshauri basi mnunuzi aushike mche na kutazama shina. Majani ya mjakaranda huota mawili mawili, yakielekeana. Ya mkrismasi hupishana, moja huku, jingine kule. Kisha atazame ncha ya kijani kimoja: cha mjakaranda kimechongoka, cha mkrismasi ni butu.

Kwa wakazi wa nyanda za juu jambo hili si la urembo tu. Mkrismasi asili yake ni Madagaska, nao hauistahimili sakitu. Mjakaranda ulitoka Argentina na Bolivia. Ukishakomaa huvumilia sakitu hafifu, ila ungali mchanga machipukizi yake huungua yakawa meusi. Yafaa kuufunika usiku kwa nyasi kavu au gunia, na kuliondoa funiko asubuhi. Vitawi vilivyoungua visikatwe upesi. Tungoje baridi ipite, ndipo tuone uhai umeishia wapi.

Mji wa Pretoria ulipata mijakaranda yake miwili ya kwanza mwaka 1888, kwa mkono wa J. D. Celliers, na baadaye njia zake zikajaa zambarau. Hata hivyo, mwaka 2001 sheria za Afrika Kusini ziliuhesabu miongoni mwa mimea vamizi. Si ajabu: tunda lake ni kibao bapa cha mviringo, na ndani mna mbegu nyepesi zenye utando kama bawa, ambazo upepo huzichukua hata mabondeni. Sisi tusingeupanda kandokando ya kijito.

Anayependa kuotesha mwenyewe hatakosea. Ganda la mkrismasi ni refu kama ala ya panga, na mbegu zake ni ngumu, zapasa kulowekwa katika maji ya moto; za mjakaranda hufukiwa kidogo tu, zikaota bila taabu.