Jehanamu ya Mshairi na Neno la Mungu

Mara nyingi tunasikia ushuhuda wa mtu anayesema ameonyeshwa jehanamu: mashimo, moto, kila zambi na azabu yake. Tujue kwamba picha za namna hii ni za zamani sana. Wakristo wa Ulaya walizitia katika mashairi miaka mingi mbele ya wamisionari kufika kwetu.

Linalojulikana kupita yote ni shairi la Dante Alighieri, Mwitalia aliyezaliwa Florence mwaka 1265. Mwaka 1302 wapinzani wake wa siasa walimfukuza katika mji wake, na alikufa Ravenna mwaka 1321 bila kurudi kwao. Katika taabu hiyo aliandika shairi la sura 100. Ndani yake yeye mwenyewe ni msafiri: anashuka jehanamu, anapanda mlima wa toharani, anafika mbinguni.

Jehanamu yake ina mizunguko 9. Chini kabisa hakuna moto, kuna barafu, na humo Shetani amekwama akimtafuna Yuda. Mlima wa toharani una ngazi 7. Wenye kiburi wanatembea wameinama, mawe mazito mgongoni, lakini wana hakika ya kufika mbinguni.

Je, Biblia inasema hivyo? Jehanamu imo, lakini hesabu ya mizunguko haimo. Toharani ni mafundisho ya Kanisa Katoliki. Sisi tunasoma Luka 23:43: mwizi msalabani aliahidiwa paradiso siku ile ile.

Hata hivyo, shairi hili linatuonya. Dante alimweka Papa Nicholas wa Tatu jehanamu, kichwa chini ndani ya shimo, nyayo zikiwaka, kwa sababu ya kuuza vyeo vya kanisa. Ni zambi ya Simoni mchawi, Matendo 8:18-20. Dante hakuogopa cheo. Lakini maono mengi ya leo yanahukumu nywele na mavazi ya mama zetu, na yananyamaza juu ya mtumishi anayedai feza mbele ya kumwombea mgonjwa.

Basi tupime kila roho, kama 1 Yohana 4:1 inavyotuagiza. Tuulize: maono haya yanakubaliana na Neno? Yanatuvuta kwa Yesu, ama yanatutia woga tu? Na nani anapata feza?

Wokovu wetu umesimama juu ya damu ya Yesu, si juu ya ndoto ya mtu.