Sufuria: Jina la Madini Lililogeuka Chombo

Hakuna jiko la Mbulu wala la Hanang lisilokuwa na sufuria, na hakuna mwanafunzi wa fiqhi asiyekutana na asili ya neno hili katika mlango wa tohara. Asili yake ni Kiarabu, "sufr" kwa herufi swad, yaani shaba ya rangi ya manjano. Ukiitia swad kasra unapata "sifr", tupu, ambayo kwetu ndiyo sifuri. (Ama safari ni kwa sin, haimo humu.)

Kwa hiyo neno lilianza likiwa jina la madini, si la umbo. Baadaye likahamia kwenye chombo, hata leo sufuria ni ya alumini na hapana anayestaajabu. Hapo ndipo wanafunzi wetu wanapoteleza. Katika Sahihi Bukhari, Abdullah bin Zayd (r.a.) anasimulia kuwa walimtolea Mtume (s.a.w.) maji katika "tawr" ya sufr, akatawadha. Anayefasiri hapo "sufuria" amekosea: tawr ni bakuli, na sufr ni kile kilichotengenezea bakuli hilo. Abu Daud naye ametaja tawr ya "shabah", nayo ndiyo shaba yetu. Hukumu inayotoka humo ni ya madini. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, vilivyoharamishwa ni vyombo vya dhahabu na fedha. Vinginevyo vyafaa maadamu ni tohara.

Lakini suala la Waislamu wa huku ni jingine. Jirani zao wengi, Wairaqw na Wabarbaig, si Waislamu, na wakati wa harusi au msiba sufuria huazimwa. Tope la Mlima Hanang la tarehe 3 Desemba 2023 lilipozoa nyumba za Katesh na Gendabi, vyombo vilikwenda nazo. Aliyenusurika atauliza sufuria ni ya nani?

Abu Tha'laba al-Khushani (r.a.) alikwishauliza mfano wake: wanakaa na Watu wa Kitabu wanaopika nguruwe na kunywea pombe vyombo vyao. Akajibiwa kuwa wakipata vingine watumie hivyo. Wasipopata, wavioshe kwa maji, wavitumie.

Basi sufuria ya jirani haihukumiwi najisi kwa dhana tu, ingawa kuiosha ni bora. Iliyotiwa pombe huoshwa mpaka athari iondoke. Iliyopikiwa nguruwe, kauli inayotegemewa na Mashafi ni mara saba, moja kwa udongo, ijapokuwa Imamu Nawawi aliona kwa upande wa dalili kwamba mara moja yatosha. Anayefuata ile ya saba auchanganye udongo huo na maji, wala sabuni haishiki mahali pake.