Kiu, Joto na Chumvi: Hatari za Baiskeli za Milimani Jangwani

Mji wa Moab, katika jimbo la Utah nchini Marekani, huwavutia waendesha baiskeli za milimani kwa njia ya Slickrock, ambayo mwaka 1969 ilitengwa kwa ajili ya pikipiki. Si mbali na hapo, katika Hifadhi ya Taifa ya Canyonlands, barabara ya White Rim huzunguka takriban kilomita 160 juu ya miamba, na njiani hakuna maji ya kunywa. Mwezi Julai joto la mchana hukaribia nyuzi 38 za Selsiasi, na mara nyingine huzidi. Mtu akianguka huko akiwa amechanganyikiwa, wenzake hudhani mara moja kwamba ana kiu, wakamnywesha. Dhana hiyo yaweza kumwua.

Misuli inayosukuma pedali hugeuza takriban robo tu ya nishati kuwa kazi. Iliyobaki huwa joto, na mwili hulitoa hasa kwa jasho linalokauka. Katika hewa kavu jasho hukauka upesi mno, hata mwendeshaji akajiona mkavu ilhali anapoteza lita moja au zaidi kwa saa. Wengi huogopa mteremko, na ni kweli kwamba huko ndiko mifupa huvunjika. Lakini joto humpata mtu kwenye mpando: kazi ni nyingi, mwendo ni mdogo, na upepo wa kumpoza haupo.

Joto la ndani likizidi nyuzi 40, na mgonjwa akapayuka, akawa mkali bila sababu au akazimia, hicho ni kiharusi cha joto. Ngozi yake yaweza kuwa bado imelowa jasho, mhudumu asidanganyike. Kipimo cha kwapani au mdomoni hakitoshi, hupimwa kupitia njia ya haja kubwa. Mgonjwa hupozwa kwanza, ndipo asafirishwe: azamishwe katika maji baridi hadi shingoni, kichwa kikishikiliwa, na lengo ni kulishusha joto ndani ya nusu saa. Pasipo na pipa, amwagiwe maji mwili mzima huku akipepewa. Parasetamoli haisaidii hapa, kwa kuwa hii si homa ya maambukizi.

Hali ya pili hufanana na hiyo kwa nje. Mwendeshaji aliyeonywa mno kuhusu kiu hunywa maji matupu kupita kiasi anachopoteza, na sodiamu ya damu hushuka chini ya milimoli 135 kwa lita. Huumwa kichwa, hutapika, vidole huvimba, kisha hupata degedege kwa sababu ubongo umevimba. Joto lake huwa la kawaida au limepanda kidogo tu. Huyu asipewe maji zaidi, wala dripu yenye chumvi kidogo. Aliye mahututi huhitaji mililita 100 za dripu ya chumvi ya asilimia 3. Kunywa kwa kadiri ya kiu, pamoja na chakula chenye chumvi, huwatosha wengi.

Mkojo ukiwa na rangi ya chai nzito baada ya safari, misuli imeharibika na figo zimo hatarini. Ibuprofeni au diklofenaki, ambazo wengi humeza ili kutuliza magoti, huzidisha hatari hiyo. Mgonjwa huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama anatembea mwenyewe.