Kompyuta za Msaada na Neno la Siri Lililobaki kwa Mwenyewe



Kompyuta nyingi zinazofika vijijini kwa msaada zimekwisha kutumika ofisini miaka kadhaa. Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, Oktoba 14, 2025, ofisi nyingi zilibaki na mashine nzima ambazo haziwezi kupokea Windows 11. Mashine ya namna hiyo ikiwekewa Linux, ambayo haina ada, bado itatunza daftari la ubatizo na hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa. Tukumbuke kuwa tangu mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu kwa Kiswahili. Kwa hiyo jambo hili si geni kwetu.

Tatizo huja mapema zaidi. Ili kuweka mfumo mpya, kompyuta lazima ikubali kuanzia kwenye flashi, si kwenye diski yake ya ndani. Wengi hukwama hapo, na mashine isiyo na ubovu wowote hurudishwa stoo.

Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, kinachoamka kwanza si Windows. Ni programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye ubao mkuu wa kompyuta, iitwayo BIOS katika mashine za zamani na UEFI katika za karibuni. Hiyo hukagua kumbukumbu na kibodi, kisha hutafuta mfumo kwa kufuata orodha iliyopewa. Kwa kawaida diski ya ndani imeandikwa juu. Ni kama mgeni aliyetajiwa nyumba tatu: akipokewa ya kwanza, hana haja ya kupiga hodi kwingine.

Kwanza hamisheni kumbukumbu zote zilizomo kwenye diski, kwa kuwa kuweka mfumo mpya huweza kuzifuta. Flashi iwe ya GB 8 au zaidi, na itayarishwe kwa programu kama Rufus. Kunakili faili tu kama mnavyonakili picha hakutoshi. Chomekeni flashi, washeni, na papo hapo mbonyeze-bonyeze kitufe cha kuita orodha: F12 kwa Dell nyingi na Lenovo ThinkPad, F9 kwa HP nyingi. Chagueni mstari wenye neno USB. Uchaguzi huo ni wa mara moja tu, haubadilishi chochote cha kudumu, kwa hiyo msiogope. Kama Windows inawahi kufunguka kabla ya orodha, zimeni kwa kuchagua Restart, kisha mjaribu tena.

Mashine za UEFI zina pia mlinzi aitwaye Secure Boot, anayekataa mfumo usio na sahihi anayoitambua. Ubuntu na Debian za sasa hupita. Mfumo mwingine ukikataliwa, mlinzi huyu anaweza kuzimwa ndani ya mipangilio ya UEFI.

Kwa parokia za pwani, na hata zilizo kama Mahurunga karibu na mto Ruvuma, angalieni pia betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubao, mara nyingi CR2032 ya volti 3. Hewa ya chumvi huozesha vishikio vyake, na kompyuta iliyokaa stoo muda mrefu hufika betri imekwisha. Dalili yake ni saa kurudi miaka ya nyuma, na mipangilio kusahaulika kila umeme ukikatika. Betri hiyo ni ya bei ndogo, na kuibadilisha hakuhitaji fundi bingwa.

Lakini lipo kufuli moja ambalo hakuna wa kulifungua huku. Ofisi nyingi huweka neno la siri kwenye BIOS ili mfanyakazi asibadilishe orodha. Katika kompyuta za mezani za zamani, kutoa betri huweza kulifuta. Katika kompyuta mpakato nyingi za kiofisi haliondoki, kwa kuwa limehifadhiwa kwenye chipu inayokumbuka bila umeme. Atakayesaidia ni mtengenezaji, naye atadai uthibitisho wa umiliki, karatasi ambayo kamati ya Mahurunga haiwezi kuwa nayo. Kusafiri na mashine hadi Mtwara mjini hakuwezi kubadili hilo. Nauli itapotea bure.

Kwa hiyo ndugu wafadhili, kabla ya kufunga sanduku, mwombeni mtu wa kompyuta wa ofisi yenu aliondoe neno la siri la BIOS na kuitoa mashine kwenye usimamizi wa kampuni. Kisha aianzishe mara moja kwa flashi mbele yenu. Ni kazi ya dakika chache kwa anayelijua neno hilo. Kamati nazo, kabla ya kutia sahihi hati ya mapokezi, washeni kila mashine na mfanye jaribio hilohilo. Iliyofungwa iandikwe namba yake, na mtoaji ajulishwe wakati bado anakumbuka.